Beno Hana Mke

Beno Komba si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Mtu mbaya akifanya jambo baya unasonya, unaendelea na shughuli zako. Lakini huyu ni Beno wa mabegi, mwenye fremu yake ya duka pale Kariakoo, mpole, anayekuachia begi la shule kwa bei ya hasara ukimwambia mtoto anaanza darasa la kwanza Jumatatu. Sasa huyo huyo ndiye aliyesimama mbele za watu, Jumamosi, mchana kweupe, akasema aliyoyasema. Jamani, mjini hapa kuna watu wanajitafutia aibu kama hawana kazi nyingine.

Wiki nzima gari la matangazo lilikuwa linazunguka Kariakoo, Mchafukoge mpaka Upanga, spika mbili juu, likinadi mambo ya wikiendi kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Bonanza la mpira, wauza mabegi dhidi ya wauza viatu. Kupima presha na sukari bure. Watoto kuchorwa nyuso. Na chini ya turubai kubwa, benki moja ingetoa ushauri wa mikopo ya nyumba kwa wale ambao hawajawahi kumiliki hata kibanda cha kuku, Jumamosi na Jumapili, njoo na swali lako. Kila gari lilipopita mbele ya fremu, Beno aliacha kumsikiliza mteja.

Ana haki ya kutamani. Yeye na Evarista wanaishi Buguruni, vyumba viwili vya kupanga, choo cha kuchangia, na mwenye nyumba anayepandisha kodi kila akiamka vibaya. Evarista ni mwanamke wa Rombo, fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye baraza moja Mchafukoge. Wana mtoto, Matilda, yuko darasa la pili. Barua ya posa ilienda, sehemu ya mahari ilienda, wazee wa Rombo wakanywa mbege wakaridhika. Kilichobaki ni ndoa ya kanisani tu, na kila Evarista akiigusia, Beno ana jibu lake lile lile.

"Tukishapata kwetu, Mama Matilda. Tufunge ndoa leo, tutoke kanisani tuingie wapi? Chumba cha kupanga?"

Evarista akasubiri. Kila Jumapili wenzake wakinyanyuka kwenda kupokea komunyo, yeye asiye na ndoa anabaki kwenye benchi, anakunja miguu ili wapite. Beno husali akiwa nje na wanaume waliochelewa, kwa hiyo kwake si tabu. Lakini mwanamke anayebaki kwenye benchi peke yake, mstari mzima umeondoka, anajua kila aliye nyuma yake anajua. Amekaa hivyo tangu Matilda hajazaliwa.

Aliyekuja kumponza Beno ni Hafidhi, wa fremu ya jirani, mtu anayejua kila kitu cha mjini na nusu yake ni uongo.

"Ukienda kule usiseme una mke," Hafidhi alimwambia. "Watakuzungusha mpaka uchoke. Mara cheti cha ndoa, mara mkeo aje asaini mbele ya mwanasheria. Sema uko singo. Singo haulizwi kitu."

"Lakini mimi nina Mama Matilda."

"Una cheti?"

"Sina."

"Basi huna mke. Hapo umemdanganya nani?"

Beno alicheka. Aliona ni ujanja wa kawaida, ule wa kumwambia mteja mzigo mpya umeingia jana. Nyumba si ingekuwa yao wote? Alijiona tayari anamkabidhi Evarista ufunguo, na mwanamke anashindwa kuongea kwa furaha. Ila lilikuwepo na jambo jingine, ambalo hakumwambia Hafidhi. Kaka yake aliyeko Mbinga alishampigia simu mara nyingi kumuasa kwamba mwanamume mwenye akili, hati ya nyumba yake ina jina moja. Beno alikuwa anamwambia, kaka, hayo mambo ya zamani. Alikuwa anasema hivyo tu, lakini hakuwahi kukataa, na neno la kaka lilikuwa limeshakaa ndani yake linangoja siku yake.

Jumamosi akamuaga Evarista kwamba anaenda kwenye bonanza. Akavaa shati lake la bluu, akafika Mnazi Mmoja, mpira hakuutazama hata dakika moja. Akaingia chini ya turubai, akapata kiti cha mbele.

Mshauri wa benki alikuwa dada mmoja anaitwa Shadya, mtandio wa kijani, anaongea taratibu kama mwalimu wa chekechea. Aliongea mambo ya maana. Usitoe hata malipo ya kishika uchumba kabla hati haijakaguliwa ofisi ya ardhi. Uliza kama riba inabadilika au haibadiliki. Usikope nyumba ambayo rejesho lake litakulaza njaa, kwa sababu nyumba hailiwi. Na aliyeoa au kuolewa, mwenza wake lazima ajue na akubali, maana nyumba ikiwekwa rehani, rehani hiyo inamhusu kila anayelala ndani.

Pembeni yake alikuwepo mshereheshaji mwenye miwani ya jua, maiki mkononi, anatafuta mtu wa kuchangamsha watu. Macho yake yakamwangukia Beno.

"Kaka mwenye shati la bluu, inuka, shika maiki. Jina nani, kazi gani?"

"Beno. Nauza mabegi, Kariakoo."

Huko nyuma wauza mabegi wakapiga miluzi, mpira ulikuwa umefika mapumziko na wengi walikuwa wamekuja kivulini. Beno akajisikia mtu.

"Karibu, kaka Beno," Shadya alisema. "Umeoa?"

"Sijaoa, dada."

"Na hakuna unayeishi naye? Nauliza kwa sababu watu wakiishi pamoja zaidi ya miaka miwili, na majirani wakawajua kama mke na mume, sheria inaweza kuwahesabu hivyo hata kama cheti hakuna."

Hilo Hafidhi hakulisema. Beno alisimama pale, spika zimenyamaza zinamsubiri. Angeweza kucheka kidogo akasema, dada, kwa hesabu hiyo basi ninaye. Watu wangecheka naye, yangeisha. Lakini alishasema hajaoa, na kurudi nyuma mbele ya watu wa Kariakoo aliona ndiyo aibu. Mjinga huyu, aliona hiyo ndiyo aibu.

"Sina mke wala wa kuishi naye," akasema. "Niko singo kabisa."

"Kina dada, mmemsikia?" mshereheshaji akadakia. "Singo kabisa, na anatafuta nyumba."

Watu wakacheka. Kisha sauti moja kutoka kwa wauza viatu ikauliza, "Na Mama Matilda ni nani? Dada wa kazi?" Wakacheka tena, na kicheko cha pili hakikuwa kama cha kwanza. Beno akageuka amtazame msemaji. Akamwona Evarista.

Alikuwa amekaa upande wa kina mama, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Alikuwa amefunga cherehani mapema akaja kusikiliza mambo ya mikopo, ili jioni amletee Baba Matilda habari njema. Sasa alikuwa ameinamia mapaja yake, anatoa nyuzi kwenye sketi, moja baada ya nyingine. Mama aliyekaa jirani yake, mteja wake wa sare, alikuwa amemwekea mkono begani, namna watu wanavyomwekea mfiwa. Mkono ule ulimchoma Beno kuliko kicheko cha watu wote.

Alipotoka pale mbele na kupenya kwenye watu, Evarista alikuwa ameshaondoka.

Jioni ile Buguruni nzima ilikuwa na habari. Mke wa mwenye nyumba alimsubiri mlangoni. "Habari za upweke, Beno?" akamuuliza, na Beno akajibu nzuri, akampita. Ndani, Evarista hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu. Alimwekea ugali na dagaa, akamwekea na maji ya kunawa.

"Karibu chakula, Beno," alisema.

Tangu Matilda azaliwe alikuwa hajamwita Beno.

"Nisikilize. Yale ni mambo ya benki tu. Hafidhi ndiye aliniambia nikisema nina mke watanizungusha."

"Hafidhi hakushika maiki."

"Nyumba ingekuwa yetu wote. Wallahi nilitaka nikushtukize."

"Umenishtukiza."

Beno alilirudisha tonge kwenye sahani. Evarista alikuwa anakunja nguo za Matilda, na aliongea bila kuinua sauti.

"Mwaka ule ulipolazwa, nesi aliniuliza mimi ni nani wako. Nikamwambia ni mke wako. Cheti sikuwa nacho siku ile pia." Akachukua vyombo, akatoka kwenda kuviosha.

Beno alibaki na ugali wake. Uso ulikuwa unamuwaka, masikio yanamuwaka, na hakuwepo hata mtu wa kumtazama. Aliona haya mbele ya meza na mapazia ambayo mwanamke yule aliyashona. Na kilichomtesa zaidi ni kwamba alijua si Hafidhi. Alipokuwa anasema "singo kabisa", kwa sekunde moja, neno la kaka yake lilimpita kichwani na akaliona ni zuri. Hilo hata Evarista hakulijua, na hakuwa na ujasiri wa kumwambia.

Jumapili Evarista alienda misa ya kwanza na Matilda. Matilda alirudi na jirani, mama yake hakurudi. Beno akaoga, akavaa shati lile lile la bluu, kwa sababu alitaka wamtambue. Alikuwa amekusudia kwenda Mnazi Mmoja kuomba ile maiki, kusema jana nilikosea, nina mke, anaitwa Evarista. Njia nzima alikuwa anajisemesha. Alipofika, Hafidhi alikuwa getini anakunywa soda.

"Singo, vipi?"

Beno alimpita bila kumjibu, na kabla hajalifikia turubai akasikia sauti anayoijua inatoka kwenye spika.

"Mimi ni fundi cherehani," sauti ilikuwa inasema. "Nina akiba kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nataka kujua kama mtu kama mimi anaweza kupata nyumba."

Evarista alikuwa amesimama mbele, kitenge chake cha kanisani, mikono miwili imeshika maiki kwa nguvu. Watu walikuwa wengi kuliko jana. Shadya alimuuliza mambo ya kazi yake, akaitikia kwa kichwa akiridhika, kisha akafika palepale.

"Umeolewa, dada?"

Mama mmoja wa mstari wa mbele, yule mteja wa sare, alimnong'oneza, lakini maiki ikadaka, na turubai zima likasikia. "Sema hujaolewa. Si mwenyewe alishasema jana?"

Shadya alikumbuka. Ilionekana usoni kwamba amekumbuka. "Kama uko peke yako, saini yako inatosha," alisema polepole. "Tunaweza kuanza leo. Kama una mwenza, lazima na yeye akubali."

Beno alisimama kwenye ukingo wa kivuli, mguu mmoja juani. Mwanamke alikuwa na haki yote. Aliomba Evarista aseme hapana, yaishe, wawe sawa, yeye alimkana, naye akanwe. Evarista alinyanyua macho, akamwona.

"Hatujafunga kanisani," akasema kwenye maiki. "Lakini mume ninaye, dada. Yule pale anayeingia."

Vichwa vyote vikageuka. Hakuna aliyecheka, hata wauza viatu. Kama ardhi ingepasuka pale Mnazi Mmoja, Beno angeishukuru.

"Njoo, Baba Matilda," Evarista alisema. "Watu wanasubiri zamu yao."

Akaenda. Maneno yote aliyokuja nayo yalikuwa yamemtoka. Akapewa maiki, na Shadya, ambaye jana alimkaribisha kwa tabasamu, leo alimuuliza kama karani anavyouliza.

"Kaka, wewe ni nani wake?"

"Mume wake."

"Nyuma hawasikii," mshereheshaji alisema, na safari hii hakuwa anatania.

"Mume wake," Beno akarudia, na spika zikalipeleka neno mpaka kwa watoto waliopanga foleni ya kuchorwa nyuso. Akataka kuendelea, aseme nisamehe. Lakini Evarista alishamgeukia Shadya, anasubiri swali linalofuata.

"Na mkopo ukipita, ungependa nyumba iandikwe jina la nani?"

Kina mama wa mbele walimkazia macho. Mteja wa sare alikuwa anamtikisia kichwa kabisa, usithubutu. Kuna mtu nyuma alikohoa.

"Yote mawili," Evarista alisema. "La kwake na la kwangu."

Hakumtazama Beno wakati anasema. Alisema kama mtu anayeagiza vitambaa, akasogea pembeni kumpisha anayefuata. Beno alibaki na maiki mkononi. Evarista angesema liandikwe jina lake yeye peke yake, hiyo Beno angeweza kuivumilia.