Punje za Sindeni

Watu wakinisikia nabishana habari za santuri wanacheka. Mwanamke wa Sindeni, viganja vimeota sugu za jembe, santuri kazijulia wapi? Nazijua. Za mwaka wa hamsini na nne nazijua zote sita, na moja ni yangu mimi, Zuena. Haya, chekeni.

Mwaka ule wenye mtambo wa kunasa sauti walikaa Korogwe wiki nzima. Nikawaimbia wimbo wetu wa kufukuzia nguruwe shambani. Ukatoka kwenye santuri, nao watu wakaupenda, watoto wakawa wanauimba njiani wakienda kuteka maji.

Sasa, Harish, mwenye duka la santuri karibu na stesheni ya Korogwe, alikuwa na mtindo wake. Kila Desemba alipanga barazani santuri za Kiswahili za mwaka ule, na mbele ya kila moja akaweka bakuli. Kila msikilizaji anatia punje moja ya mahindi katika bakuli la santuri anayoipenda kuliko zote. Harish akishahesabu anabandika karatasi mlangoni, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Tuliokaa mbali alituruhusu kutuma punje zetu kwa mkono wa mtu mmoja. Na mwaka ule akatangaza kwamba wa kwanza ataitwa Nairobi, akanaswe wimbo mwingine. Wa kwanza peke yake.

Mtanisema najipendelea. Basi nipangeni mimi, mwone. Ya sita ni ile ya harusi, mwimbaji anapiga kelele utadhani ameibiwa. Ya tano na ya nne ni ndugu wawili wa Tanga, zinafanana, mtu akizibadilisha hujui. Ya tatu ni ya bibi mmoja wa Pangani, sauti imechoka lakini maneno matamu. Ya pili ni ya Kaleb, karani wa shamba la mkonge la Mazinde, anayepiga gitaa. Kijana anajua gitaa, sitamnyima haki yake. Lakini anaimba kama anasoma barua ya kazi. Ya kwanza ni yangu, na nikisema hivyo sioni haya.

Ila hiyo Nairobi sikuitaka kwa ajili ya nguruwe. Nilikuwa na wimbo mwingine. Mwanangu Mwatumu alikufa kwa surua ana miaka mitatu, na nilikuwa na wimbo niliomtungia wa kumlaza, wake peke yake, jina lake limo ndani. Picha yake hatuna. Nguo zake tulizigawa. Nilitaka wimbo ule ukae kwenye santuri ili siku nikifa mimi, pawe na kitu duniani kinachosema Mwatumu. Mume wangu Mbaruku nilimwambia hivyo hivyo, naye akalia. Nilimwona kwa macho yangu.

Mbaruku ndiye mwenye gramafoni pale kijijini, na wanawake wote huja kwetu kusikiliza. Nikawapitia nyumba kwa nyumba. Desemba ile maghala yalikuwa matupu, mahindi yaliyobaki ni ya mbegu tu, yale yanayoning'inia darini juu ya moshi wa jiko mpaka yanakuwa meusi. Kila mmoja akapukuchua punje moja ya mbegu yake. Zikafika thelathini na moja. Nikazifunga kwenye pembe ya leso, nikampa Mbaruku aliyekuwa akienda Korogwe kwa lori kununua mafuta ya taa.

"Zote bakuli langu," nikamwambia.

"Mama Mwatumu, kwani mimi mtoto?"

Akarudi siku ya tatu, Harish amekwisha kuhesabu. Kaleb wa kwanza, punje sitini na nne. Mimi wa pili, arobaini na moja. Iliniuma, lakini nikasema ndiyo mashindano. Mbaruku alinisikitikia sana. Usiku ule hata chakula hakumaliza, mimi mjinga nikambembeleza yeye!

Wiki iliyofuata nikapanda lori mwenyewe. Nilitaka kumwomba Harish awaandikie wenye mtambo, kama wa pili naye anaweza kusikilizwa. Nikafika dukani, nikamwamkia. Mabakuli yalikuwa bado barazani, hajayamwaga. Nikachungulia langu. Punje nyeupe tupu, mahindi ya mjini. Nikasogea kwa lile la Kaleb. Nyeupe, na katikati yake punje nyeusi za moshi.

Nikazimwaga juu ya meza, nikazitenga moja moja. Thelathini na moja.

"Harish, hizi nani katia?"

"Mumeo, Mama Mwatumu. Alizimwaga mwenyewe, baraza imejaa wanaume. Mimi nilidhani ndivyo mlivyopatana."

Thelathini na moja! Zitoe kwa Kaleb zibaki thelathini na tatu, ongeza kwangu ziwe sabini na mbili. Nikamshika Harish mkono, nikamwambia hesabu upya, nakuomba. Maskini, uso ulimwiva. Barua ya kwenda Nairobi ilikuwa imepanda treni Jumatatu, na Kaleb alikwisha safiri. Nikakaa chini pale pale barazani, nikalia mbele za watu, nami si mtu wa kulia.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Niliziweka zile punje kwenye sahani, nikamsogezea Mbaruku. Alizitazama, akajua.

"Wanaume walijaa pale," akasema. "Nilipofungua leso wakaanza kunicheka. Oo, Mbaruku katumwa na mkewe, Mbaruku siku hizi anavaa kanga. Nikawaambia mimi sina habari na nyimbo za mke wangu, mimi mtu wangu ni Kaleb. Basi, mkono ukamwaga."

"Mkono ukamwaga."

"Haki ya Mungu sikujua zitatosha kukushusha. Lakini hapa nyumbani, Mama Mwatumu, kwangu wewe ndiye wa kwanza. Mungu anajua."

Nyumbani! Nyumbani nilikuwa wa kwanza kabla sijamjua Harish wala bakuli lake. Nilizirudisha punje kwa wenyewe, mvua ilikuwa imeshika na kila mtu anapanda. Wenye mtambo hawakurudi tena Korogwe.

Mwaka wa tano sasa. Mbaruku bado anaipiga santuri yangu ya nguruwe kila jioni, imechakaa, inakwaruza kuliko inavyoimba. Anaipiga wanaume wenzake wakishaondoka. Wimbo wa Mwatumu nauimba shambani kule mbali, nikiwa peke yangu, na nikiona mtu anakuja nanyamaza.

Juzi Mbaruku aliugua homa, akawa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Akaniita. Nikampelekea uji, akasukuma bakuli.

"Mama Mwatumu," akasema, "niimbie ule wa mwanetu. Maneno yake yamenitoka. Kidogo tu."

Mashavu yake yalikuwa yamelowa. Nikamfunika vizuri, maana ni mume wangu.

"Mtu wako ni Kaleb," nikamwambia. "Mwite akuimbie."

Nikatoka na bakuli la uji, nikauvuta mlango.