Mtamba wa Isingiro

Mwaka ule wa themanini na sita, kuanzia Nyakakika mpaka Ihembe, watu walikuwa wameshakata tamaa kwamba atatokea mtu wa kumfunga Kakuru wa Isingiro kwenye omweso. Bao hilo lina tabia yake: kabla ya kuanza, kila mchezaji huzipanga kete zake katika mashimo ya upande wake jinsi apendavyo. Bingwa hutangulia kupanga, watu wote wakiona. Mpinzani wake hutazama, hufikiri, kisha hupanga za kumjibu. Ukikosea hapo, umeshafungwa kabla hujashika kete.

Kakuru alikuwa na mpango mmoja tu, wala hakuuficha. Alirundika kete nyingi katika shimo la pembeni kabisa, safu ya nyuma, na zilizobaki akazitawanya kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Rundo lile likizunguka, lilirudi na nusu ya kete zako.

Mbonimpa wa Nyakakika alitaka kulipatia dawa rundo lile. Baba yake alikuwa ametoka Burundi kuja kufanya vibarua katika vibanja vya watu, akafa bila kumiliki hata kamba ya kufungia ng'ombe. Mbonimpa sasa alikuwa na kibanja chake, migomba na mibuni, lakini zizi hakuwa nalo. Na safari hii wafugaji wa Isingiro walikuwa wametangaza kwamba mshindi wa mashindano ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango atapewa mtamba.

"Ng'ombe akiingia humu," alimwambia mkewe Laurensia, "watoto watakunywa maziwa, migomba itapata samadi, na hakuna atakayeniita tena mtoto wa kibarua."

Mtu aliyefanya naye mazoezi alikuwa Athanasi, rafiki yake tangu utotoni, ambaye kibanja chake kilipakana na chake. Kila jioni wakishaanua kahawa, waliketi uani. Athanasi alijifanya Kakuru, akarundika kete pembeni. Mbonimpa akajaribu jibu moja baada ya jingine. Majibu mengi yalikufa mapema. Hatimaye likapatikana moja: aliacha safu yake ya mbele karibu tupu, akazificha kete nyuma mbilimbili, hata rundo la Kakuru lilipozunguka halikukuta cha kula, na liliporudi likaangukia mdomoni mwa Mbonimpa.

Athanasi alipiga kofi paja lake. "Umemuua!"

Lakini walipozidi kulijaribu, Athanasi huyohuyo aligundua tundu. Kama Kakuru angeliacha rundo lake na kuanza na shimo dogo la upande wa pili, lenye kete mbili tu, jibu lote lingebomoka.

"Hawezi kuanza na hilo," Mbonimpa alisema. "Tangu nimfahamu hajawahi kuligusa."

"Hata akikaa mwaka mzima hataliona," Athanasi alijibu, wakacheka.

Siku ya sikukuu, misa ilipokwisha, watu walizunguka bao mbele ya kigango. Mbonimpa aliwafunga wote aliokutana nao, mpaka wakabaki yeye na Kakuru. Kakuru akarundika kama kawaida yake. Mbonimpa akapanga jibu lake taratibu, moyo ukimwenda mbio kwa furaha. Alimtafuta Athanasi kwa macho, akamwona amesimama nyuma ya watu, anaangalia chini.

Kakuru hakulitazama rundo. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye shimo dogo la upande wa pili, akachota zile kete mbili.

Mchezo haukuchukua muda. Watu walishangilia, mtamba akaletwa, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, akakabidhiwa Kakuru.

Wakiwa njiani kurudi, Athanasi alisema, "Amebahatisha tu, ndugu yangu."

Mbonimpa aliitika. Wazo lilikuwa limemjia, akalifukuza. Athanasi ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Huwezi kumfikiria hivyo mtu wa namna hiyo.

Mavuno ya kahawa yalipopita, Athanasi alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Alisema amempata mchumba: Natukunda, dada yake Kakuru, aliyekuwa akiuza samli gulioni. Mwanzoni baba yake msichana alikataa kabisa kusikia habari za mkulima. Sasa amelegea.

"Sina mwingine wa kunisemea," Athanasi alisema. "Uwe mshenga wangu."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliona haya."

Mbonimpa alikubali. Siku ya posa alivaa koti lake la kanisani, akaenda pamoja na Placidius, baba mdogo wa Athanasi. Mwenyewe Athanasi alibaki barabarani kusubiri, kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni ndani."

Mzee Kamugisha, baba wa nyumba ile, aliwakalisha kwenye mikeka. Mbonimpa alieleza ujumbe wake vizuri, akamsifu kijana wake kwa bidii na uaminifu. Mzee akataja mahari: ng'ombe wanne.

"Watatu, baba," Kakuru aliingilia, akitabasamu. "Mmoja tulishampokea. Yule mtamba wa sikukuu." Akamgeukia Mbonimpa. "Na wewe nakushukuru. Si kila mtu angekubali kufungwa mbele ya watu ili rafiki yake apate mke."

Placidius aliinamisha kichwa. Mbonimpa alimkazia Kakuru macho.

"Nani alisema nilikubali?"

Tabasamu la Kakuru likafifia. "Athanasi. Alikuja hapa kabla ya sikukuu, akanionyesha mpango wako na mahali pa kuuvunjia. Akasema mmekubaliana."

"Mimi sikujua neno lolote."

Mzee Kamugisha aliweka mkongojo wake juu ya magoti. "Mwanangu," alisema polepole, "ukisema kijana huyo hafai, mazungumzo yanaishia hapa. Sitamlaumu mtu."

Wakati huo Natukunda aliingia na maziwa. Alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Alipiga magoti kumpa Mbonimpa kibuyu, na maziwa yakamwagika kidogo mkekani. Hakuinua macho. Mbonimpa aliona kwamba hata yeye hakujua.

Akanywa. Akarudisha kibuyu.

"Nimetumwa kuposa, mzee, sikutumwa kushtaki. Lakini mtamba yule msimhesabu. Athanasi atatoa ng'ombe wanne, wa jasho lake, kama mwanaume mwingine yeyote."

"Wanne," mzee alisema.

Barabarani, Athanasi alinyanyuka mbiombio. "Wamekubali?"

"Wamekubali. Wanne."

"Wanne? Lakini Kakuru..." Alimtazama Placidius, naye akatazama pembeni.

"Ungeniambia," Mbonimpa alisema. "Ungekuja uani kwangu ukasema, nampenda msichana huyu, nipe mchezo huu. Ningekupa, Athanasi. Ningeumia, lakini ningekupa."

"Niliogopa utakataa."

"Ndiyo maana ukakubali wewe badala yangu, kwa jina langu."

Athanasi alijaribu kumshika mkono. Mbonimpa aliutoa, akaenda zake mbele peke yake.

Ndoa ilifungwa baada ya miaka miwili, Athanasi alipomaliza kulipa. Laurensia alikwenda, mumewe alibaki kupalilia. Yeye na Athanasi wakikutana kanisani, waliamkiana kwa kichwa tu. Omweso Mbonimpa hakuuacha, na miaka ya tisini ilipoingia alikuwa amewafunga wengi, Kakuru mmojawapo. Ila vijana walipomwomba awaonyeshe atakavyopanga safari ijayo, alijibu, "Nitajua nikifika."

Jumapili moja Laurensia alimkuta uani anapanga kete peke yake. Alipomsogelea, Mbonimpa alizifagia zote kwa kiganja.

"Hata mimi?" Laurensia aliuliza.

Mbonimpa aliinama, akaanza kuziokota kete mojamoja.