Kibuyu cha Walioacha Pombe

Mwislamu akilewa Koboko, hata watoto wa jirani humcheka. Mimi, Asuman, nilichekwa miaka kumi na miwili, huko Sudan na hapa tuliporudi, toka tulipokimbia vita mwaka 1979 hadi mwaka 1991, nilipotapika damu mlangoni kwangu, watoto wangu wanne wakitazama. Daktari alinibonyeza tumbo akasema ini limechoka: chupa chache zaidi, na mke wangu Sadiya atatafuta sanda. Niliogopa kufa, na sioni aibu kusema hivyo. Nilitaka kuwaona watoto wale wakikua.

Shehe aliniambia niswali. Niliswali, kisha nikanywa. Mwishowe aliyenisaidia ni Filda mwenyewe, aliyeniuzia waragi, pombe yetu kali. Alininong'oneza kwamba wapo walioacha, hukutana kila Jumamosi mchana katika ghala la kanisa. Aliniambia kwa uchungu kidogo, maana walikuwa wateja wake wazuri.

Tulikuwa saba, tumekalia magunia matupu. Aliyetuongoza ni Margarita, mkunga mstaafu kutoka Arua, ambaye pombe ilimfanya mjane. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: kila mtu aseme ukweli wake, kisha tunywe chai katika kibuyu kimoja, kikipita mkono kwa mkono, kama tulivyozoea kunywa kwete, pombe yetu ya mahindi. Alisema kinachotuua ni pombe, si kukaa pamoja.

Lakini kwetu kibuyu hakizungushwi ovyo. Watu ambao damu imemwagika kati yao hawali wala hawanywi pamoja mpaka wazee waite nyumba zote mbili na kuchinja ng'ombe. Wakikiuka, miguu huvimba, tumbo huvimba, na kila nyumba huzika, watoto kwanza. Ndiyo maana Margarita alimuuliza kila mgeni, "Angalia watu hawa. Iko damu katikati yenu?" Mimi niliwaangalia, nikasema hakuna.

Wiki yangu ya tano akaja Tombe, fundi baiskeli wa Ludara, mwembamba na mpole. Aliulizwa, akatuangalia mmoja mmoja, kwangu akakawia. "Hakuna, mama," akasema, akaketi kando yangu. Nilimpenda. Aliniita ndugu, tukataniana, na kila Jumamosi kibuyu kilitoka mkononi mwake kikaja mkononi mwangu. Nilikuwa sijagusa tone, na nyumbani Sadiya alianza kucheka tena.

Jumamosi ya nane, baada ya chai, Tombe akasema ukweli wake.

"Mimi nilianza kunywa sababu ya Yugu, kaka yangu," alisema, macho chini. "Mwaka ile ya kukimbia, askari moja mulevi alimukuta karibu na daraja. Alitaka baiskeli. Yugu alikataa. Ile mutu alimupiga risasi, akapanda baiskeli, akaenda Sudan. Baba alikufa na huzuni, mama pia. Nilibaki peke yangu."

Baiskeli ile ilikuwa nyeusi, na breki ya nyuma haikushika. Najua, kwa sababu niliiendesha mpaka Yei, ng'ambo Sudan. Nilikuwa nimelewa, ndiyo, lakini uso wa kijana yule haukunitoka hata siku moja. Ndio niliokuwa nikiukimbia kwa waragi miaka yote ile. Na sasa nilikuwa nimeshakunywa na ndugu yake, Jumamosi nne.

Wiki ile sikulala. Nikinyamaza, Tombe maskini angekufa bila kujua kinachomuua. Nikisema, wangenifukuza, na bila wale watu ningerudi kwa Filda, na kwa Filda kungenipeleka kaburini. Jumamosi iliyofuata Tombe alikuja akichechemea, viatu mkononi, miguu imevimba. Margarita alisema ni ini. Mimi nilijua ni kibuyu. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nikasimama kabla chai haijamiminwa.

"Tombe, Yugu nilimuua mimi," nilisema. "Mimi ndiye ile askari. Tusikunywe tena pamoja. Tuite wazee, mimi natoa ng'ombe, hata mbili, upone."

Tombe hakushtuka. Aliweka viatu vyake chini polepole.

"Mimi najua, afande," alisema. "Siku ile nilikuwa ndani ya majani, niliona sura yako. Nikasikia umerudi Koboko, na kila Jumamosi unakuja hapa. Mimi sikukuja kuacha pombe."

"Sasa kwa nini uliniambia hakuna damu?" Margarita aliuliza. "Kwa nini ulikunywa na yeye?"

Tombe alimpa mgongo. Alinitazama mimi, bila hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Wazee wanaita nyumba mbili," alisema. "Yangu ilikwisha pale darajani, hakuna ya kuita. Sina bibi, sina mutoto. Hii kitu ikikuja kwangu, inapata mimi tu. Wewe iko na watoto ngapi?"

"Wanne," nilijibu. Sijui kwa nini nilijibu.

Aliitikia kwa kichwa, akaokota viatu, akatoka akichechemea kuelekea njia ya Ludara. Margarita aliniita, lakini nilikuwa nimeshatoka mbio. Nilifika nyumbani nikihema, nikawaita watoto wote, nikawaketisha mkekani, nikaanza kuwabonyeza miguu, nikianza na mdogo. Walidhani ni mchezo, wakacheka. Sadiya aliuliza natafuta nini, na sikuwa na uso wa kumwambia.