Mkate wa Beseni Jekundu

Ukitaka kumjua mwokaji, usimwangalie usoni, mwangalie mikono. Huyu tunayemsema hapa alikuwa na mikono ambayo wenzake kwenye bekari walisema ina macho. Aliweza kubishana habari za mpira, kichwa amekigeuzia mlangoni, na huku mikono inakata donge, inaviringa, inapanga kwenye trei, na kila mkate unatoka sawasawa na mwenzake. Hakupima wala hakuangalia. Wakimuuliza siri yake alijibu kwamba hata yeye hajui, waiulize mikono yenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo akapewa mke asiyeweza kula ngano. Dunia ina vituko.

Mke alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Kwa miaka mingi alisimama mbele ya ile meza ya pasi na tumbo limejaa kama ngoma, mifupa inamuuma, damu haba, vidonda mdomoni haviishi. Alipewa dawa za minyoo. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Tabibu mmoja alimwambia ana mawazo mengi, apumzike, kana kwamba nguo za watu zingejipiga pasi. Mimba mbili zilitoka changa, kabla hata hajamwambia mama yake. Mwisho akafika kwa daktari mmoja wa matumbo, mama wa makamo asiyecheka ovyo, ambaye alimpima damu, akamwingiza mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo, kisha akamketisha.

"Utumbo wako unagombana na ngano," alisema. "Ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni. Wengine wanakula na kusahau, wewe kinakuchuna utumbo, chakula kinapita tu bila kukufaa. Shayiri nayo vilevile. Na sikwambii upunguze. Uache kabisa, hata chembe."

"Mume wangu anaoka mikate," mke akasema.

Daktari akaweka kalamu chini.

Nyumbani habari hizo zilipokewa kila mtu kwa namna yake. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, aliyeishi nyumba ya pili na kuingia bila hodi, alicheka mpaka akashika mlango. "Mke wa mwokaji hali mkate! Kesho tutasikia mke wa fundi viatu anadhurika na viatu." Mume hakucheka. Aliuliza maswali mawili matatu, akatoka uani, akakaa huko kitambo. Aliporudi akaanza kutoa kila chenye ngano ndani ya nyumba. Akanunua sufuria mpya na mwiko mpya. Tangu siku hiyo akawa anavua nguo za kazi uani, anaoga hapohapo, anasugua kucha kwa mswaki wa zamani, na hamshiki mkewe mpaka amemaliza yote hayo. Majirani walisema ametawaliwa. Aliwaacha waseme.

Lakini mkate ulimkaa mke moyoni. Wali anakula, viazi anakula, muhogo anakula, hakuwa na njaa. Alichokosa ni kipande cha mkate na chai ya asubuhi, kitu ambacho mumewe alimletea kila siku tangu uchumba, kikiwa bado cha moto, kimefungwa kwenye kitambaa. Mume hakuwa mtu wa maneno matamu. Mkate ndio ulikuwa maneno yake, na sasa alikuwa kama bubu ndani ya nyumba yake.

Basi akaanza kujaribu. Akachanganya unga wa mchele na wa muhogo, akatia mayai, akatia viazi vya kuchemsha vilivyopondwa. Wa kwanza ulitoka tofali, na wifi akashauri apelekewe mwashi. Wa pili ulipasuka, wa tatu ulikuwa mbichi ndani. Siku moja akaja na kitambaa kile kile cha zamani, akakiweka mezani, akasimama kando kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ulikuwa umeumuka. Ulikuwa na ganda linalolia ukilikata. Mke alikula kipande cha kwanza akilia, cha pili akicheka, na mume akasema tu, "Chumvi imezidi kidogo," huku amegeuza uso.

Akamweleza anavyofanya. Anauoka mwisho, bekari imetulia, wenzake wameondoka. Anaosha meza kwa maji ya moto mara mbili. Ana beseni lake jekundu ambalo halijawahi kuguswa na ngano, na ole wake atakayeligusa. Hakuna la kutia shaka. Mke akaamini, na mimi nawe tungeamini.

Mwaka huo mimba ikaingia tena, na hii ikakaa. Ilipita pale zilipoishia zile mbili, ikaendelea. Ikaanza kucheza. Wifi mwenyewe akapunguza ulimi, akaleta fulana ndogo aliyoifuma kwa mkono, ya manjano, maana hakuna ajuaye ni nani anakuja. Mume alikuwa akitoka kuoga uani anaweka kiganja kwenye tumbo la mkewe na kusubiri. Asubuhi mkate, jioni mkate. "Kula," alikuwa akisema. "Mnakula wawili."

Kisha mimba ikatoka. Ilitoka mchana, siku ya kazi, pasi ikiwa bado ya moto mkononi mwake. Alikuwa mvulana.

Daktari hakumficha. "Siwezi kukwambia ni hiki au ni kile. Mimba hutoka kwa mambo mengi, mengine hatuyajui. Lakini damu yako nimeipima, na inasema bado unakula ngano."

"Sili."

"Damu haina sababu ya kunidanganya, mwanangu."

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yake, maana wifi, aliyemsindikiza, alitangulia kurudi. Wifi alikuwa na uchungu, tusimwonee, fulana ile aliifuma kwa macho mabovu. Lakini uchungu wake aliutoa kwa mdomo. "Mficha uchi hazai," alimwambia pale kitandani. "Sema unachokula huko kwa madobi wenzako. Sema tu, yaishe." Mtu amelala, maziwa yamemjaa kifuani na hana wa kumnyonyesha, ndipo unamtupia methali hiyo. Mke akageukia ukuta.

Hata hilo angelimeza. Lililomshinda ni usiku wa siku ile, mumewe alipolala kando yake, akasema taratibu, "Kama kuna kitu unakula nje, niambie. Sitakasirika."

Mke alihisi kitu kimekatika ndani yake, na hakikuwa utumbo.

Akarudi kazini kabla hajapona sawasawa, kwa sababu nyumbani palikuwa na fulana ya manjano. Siku moja mchana, aproni za bekari, ambazo duka lao ndilo lililozifua, zilikuwa tayari, zimenyooka, na akaamua azipeleke mwenyewe badala ya kumsubiri mumewe azipitie. Alifika waokaji wengine wameshaondoka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la tanuri. Akasimama hapo na mzigo wake mikononi, akamwona mume anaosha meza kwa maji ya moto. Akaisugua, akaikausha, akamwaga maji mengine akaisugua tena. Akanawa mpaka viwikoni. Akalitoa beseni jekundu juu kabisa kwenye rafu, ambako alikuwa amelifunika kwa kitambaa safi. Akauchanganya ule unga wa mchele, akaukanda kwa upole, kama anamwogesha mtoto mchanga. Mke alitaka kulia kwa kuona alivyokuwa akihangaika.

Ukawa unanata, kama unavyonata siku zote. Mume akauinua kuuweka mezani, na hapo mkono wake wa kulia ukaenda pembeni ya meza, kwenye bakuli la bati linalokaa pale miaka yote, ukachota unga kidogo, ukaunyunyizia mezani. Tendo la kufumba na kufumbua. Hakuliangalia bakuli, alikuwa akiangalia saa ukutani. Bakuli hilo lilikuwa la ngano.

Mke akadhani ameona vibaya. Akangoja. Donge la pili likaja, na mkono ukaenda tena, ukachota, ukanyunyiza.

Mume alipogeuka na kumwona, uso wake ukafunguka. "Umekuja? Wako ndio unaingia sasa hivi. Keti, utaula wa moto."

Hasira ilimjaa mke mpaka masikio yakawa yanavuma. Alitaka kulichukua lile bakuli na kulimwaga kichwani kwake, na ngano yake, na mikono yake yenye macho. Ameitwa mwongo. Amelazwa kitandani akasimangwa. Na yule aliyemwambia sitakasirika ndiye aliyekuwa akimlisha, asubuhi na jioni, kula, mnakula wawili.

Alikuwa amekwisha fungua mdomo. Ndipo akamwona anavyolifuta lile beseni jekundu, anavyolirudisha juu na kulifunika, na akakumbuka siku ile hospitalini. Mume ndiye aliyempokea yule mtoto kutoka kwa nesi, amefungwa kwenye kitambaa. Kitambaa cha mikate, ndicho pekee alichokuwa nacho mfukoni alipokimbia kutoka kazini. Alimbeba vile vile alivyokuwa akibeba mkate wa asubuhi, kifuani, mikono miwili.

Nikimwambia, aliwaza, nitakuwa nimemzika na huyu.

"Tumbo limejaa," akasema. "Nitakula nyumbani." Na mkate ule aliufukia uani, nyuma ya karo.

Akapanga mpango wake mwenyewe, wa kimyakimya. Atamwomba awe anauoka nyumbani, kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu. Nyumbani hakuna ngano, hakuna bakuli la bati, basi hakuna wa kujua lolote. Atapona, damu itasafika, na siri ataingia nayo kaburini. Ulikuwa mpango mzuri. Tatizo lake ni kwamba uliisahau mikono.

"Sufuria?" mume alishangaa. "Mkate unataka tanuri."

"Nataka kukuona ukiuoka," mke akamwambia. "Sijawahi kukaa nikakuona."

Hilo lilimgusa. Siku ya mapumziko akaleta beseni jekundu nyumbani. Mke akaiosha meza yao ya chakula, akawasha makaa, akaweka kopo la unga wa mchele katikati ya meza mahali asipoweza kulikosa. Mume akakanda, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akawa anaongea. Alimsimulia jinsi mwokaji aliyemfundisha alivyokuwa akimpiga kwa kifimbo cha kusukumia kila aliposahau kunyunyiza meza. "Mpaka nikawa nanyunyiza hata usingizini," akasema, akacheka kidogo.

Akauinua unga kutoka kwenye beseni. Mkono wa kulia ukaenda pembeni ya meza, chini kidogo, mahali pasipokuwa na kitu. Vidole vikachota hewa. Vikarudi, vikanyunyiza hewa mezani.

Kopo la unga wa mchele lilikuwa mbele yake, halijaguswa.

Mume akaitazama mikono yake, mmoja umeshika donge, mwingine vidole bado vimeshikana. Akaliweka donge ndani ya beseni. Akaurudia tena ule mwendo, taratibu sana, pembeni, chini, juu, kama mtu anayefuata nyayo usiku. Mke aliyaona macho yake yakifika kwenye lile bakuli la bati lililokuwa mbali, kule bekari.

"Huwa nafanya hivi?" akauliza.

Mke akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuona siku ile nilipoleta aproni."

"Na ukanyamaza."

"Ningekwambia nini?"

Mume akavuta kiti, akaketi. "Nilikuuliza unakula nini nje," akasema mwishowe. Halafu akasema, "Yule mtoto."

"Daktari alisema hajui."

"Na wewe?"

Angeweza kumdanganya, na mtu mwingine angemdanganya. "Na mimi sijui," akasema, akamwendea, akamshika kichwa akakilaza tumboni kwake, pale pale alipokuwa akiweka kiganja. Mume alilia kama wanavyolia watu wasiozoea, kwa kelele na kwa aibu. Mke naye akalia, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yake, na hasira ikiwa bado ipo, haijaenda popote.

Makaa yakaanza kupata majivu. Unga ulikuwa ukisubiri. Mume akajifuta uso kwa bega, akanawa upya, akasimama mbele ya meza, na mkono wake wa kulia akauficha kwapani.

"Nyunyiza wewe," akamwambia.

Mke akachota unga wa mchele kwenye kopo, akanyunyiza. Mkono wake haukuizoea kazi hiyo, unga ukaangukia mahali pamoja, ukafanya kichuguu upande mmoja na upande wa pili meza ikabaki tupu. Mume, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuiona meza iliyonyunyizwa vibaya akaiacha, aliutazama unga ule ulivyokaa, akauacha hivyo hivyo.