Gari la Viti Vitatu Mbele

Zena alileta Kasulu gari la familia lenye viti vitatu mbele, akitarajia kuliuza upesi. Watu walilipenda, lakini kila mnunuzi alikwenda kwanza kumuuliza Nurudini, muuza spea, mume aliyempa Zena talaka.

"Spea zake hakuna. Likiharibika, mtalifugia kuku," aliwaambia. Hawakurudi tena.

Wakati wa masika, Nurudini alikwama na gari lake kwenye tope la barabara ya Titye akiwapeleka mama yake na dada yake harusini. Zena akatokea na gari lile lile, akasimama.

"Mama, karibu mbele. Na wewe, wifi."

Nurudini, kanzu yake ikiwa imejaa matope kwa kusukuma gari, akashika mlango wa nyuma.

"Wewe baki ulinde gari lako," Zena alisema, akaondoka na viti vya nyuma vitupu.

Gari halijauzwa mpaka leo. Lakini akikumbuka kanzu ya Nurudini ilivyotapakaa matope, Zena moyo humpoa.