Swali la Bibi Cornelia

Kitendawili! Itikia tega, usinitazame tu. Nina mgeni: nikimwita haji, nikimsahau namkuta kitandani kwangu. Ni nani?

Wengi husema kifo. La, kifo hakiitwi. Mgeni huyo ni usingizi, mjukuu wangu, nami aliacha kunitembelea mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya.

Babu yako Clemens alikuwa amekufa masika yale yale. Nyumba yetu ya zamani ilisimama peke yake kilimani, jirani ukimtaka lazima upige mbinja, na sikuwahi kuwa mpweke kule. Huku nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi. Mtu akikohoa unajua ni nani. Lakini kikohozi nilichokitaka mimi hakikuwepo. Usiku nilifungua mlango, nikasikiliza upepo, nikafunga. Baadaye nikafungua tena. Kukicha macho yanawaka kama nimepikia kuni mbichi.

Nyumba iliyonielekea ilikuwa ya Bibi Cornelia, mjane kama mimi, ila mzee kuliko mama yangu. Kila asubuhi alikaa kizingitini amejifunika blanketi, na hakuna mwanamke aliyepita bila kumsalimia kwa desturi yetu Wafipa: magoti chini, makofi ya polepole, habari za nyumba, habari za kuku, mpaka baridi ya udongo ikuingie mifupani.

“Umelalaje, Epifania?”

“Tumeamka, bibi.”

“Sijakuuliza kuamka. Kuamka hata jogoo anaamka. Nimeuliza umelalaje.”

“Na wewe je, bibi?”

“Lako kwanza.”

Nikacheka, nikachukua jembe, nikaenda shamba la kijiji. Mama alinifunza nisiseme uongo nikiwa nimepiga magoti. Basi ningejibu nini? Kila asubuhi bibi aliuliza, na kila asubuhi nililiacha swali lake pale pale kizingitini.

Nilipoanza kusinzia nimesimama, jembe mkononi, nikapanda lori kwenda hospitali mjini Sumbawanga. Daktari Yunusu alikuwa kijana mpole. Aliniuliza hata habari za Clemens, nami nikalia mbele yake kama mtoto. Kisha akanipa vidonge.

“Hivi ni vya watu walioelemewa na huzuni, mama. Lakini vinaleta na usingizi.”

“Mimi si mwendawazimu, baba.”

“Nani kasema? Mwenye kidonda mguuni ni mwendawazimu?” Akaniambia nimeze kimoja kila jioni. “Mwanzoni vitakusumbua kabla havijakusaidia. Mdomo utakauka. Ukiinuka ghafla utaona kizunguzungu. Inuka polepole, kunywa maji, vumilia wiki mbili tatu. Ukizidiwa, rudi.”

Vilinisumbua kweli. Ulimi ukawa kama ngozi ya ngoma. Ugali wa ulezi, chakula nilichokulia, ukawa mchanga; kila tonge nililisukuma kwa maji. Choo nacho, haya, tuyaache hayo. Asubuhi kichwa kizito kama gunia lililonyeshewa. Na usingizi wenyewe ulikuja kama jirani anayeazima chumvi: anachungulia, anaondoka.

Ila kubwa lilikuwa magoti. Asubuhi moja nilimaliza kumsalimia bibi, nikainuka, dunia ikageuka. Nikamdaka bega, nusura tuanguke wote wawili.

“He! Pombe saa hizi?” bibi akasema. Wasichana waliokuwa wakienda kisimani wakacheka mpaka ndoo zikagongana.

Aibu ilinishika. Niseme ni dawa ya huzuni? Neno kama hilo lingefika mwisho wa mstari kabla yangu. Kesho yake nikapita nyuma, katikati ya matuta ya maharage. Kesho kutwa hivyo hivyo. Na kwetu asiyesalimia ni mtu wa namna gani? Shambani wenzangu wakaanza kunyamaza nikifika. Nikiwa ndani nilimsikia Bibi Cornelia akipaza sauti makusudi: “Siku hizi wengine wamekuwa mabwana shauri wa mkoloni, wanapita na njia zao!”

Jioni nikaviweka vidonge kiganjani, nikavitazama. Nikivimeza, sina mtu wa kumsalimia. Nikivitupa, mchana nina watu, lakini usiku nina mlango na upepo. Binti yangu Stefania alikuwa ameolewa Milepa, kule chini bondeni. Hakuwepo wa kumwuliza. Nikaamua kuvitupa. Ila kwanza nikamwombe bibi radhi.

Asubuhi nikapita njia ya mbele. Nikapiga magoti, nikapiga makofi. Hakuitika. Nikamweleza yote, vidonge, mdomo, kizunguzungu, na kwamba nitavitupa. Nikaweka mkono chini nijiinue.

“Unakwenda wapi?”

“Nainuka, bibi.”

“Nani kakuambia uinuke? Dawa yako imekataa kuinuka, haikukataa kukaa.” Akanisogezea ungo wa maharage. “Chambua. Dunia ikitulia utakwenda. Na vidonge vyako meza. Vikikuua nitakuja kula matanga, siku nyingi sijaonja nyama.”

Nikacheka, mdomo mkavu vile vile, midomo ikapasuka.

Tangu hapo salamu zetu zikawa ndefu. Nilipiga magoti, nikakaa, nikachambua maharage yake, nikanywa maji ya kibuyu chake. Waliopita walidhani bibi amenipa adhabu. Swali lake aliuliza kila siku, nami kila siku nikamwambia, “Bado, bibi.” Mate yakaanza kurudi mdomoni. Kizunguzungu kikapungua bila kuniaga.

Ikafika asubuhi nikaamshwa na jua usoni. Nililala hapo kitandani nikilishangaa, kisha nikavuka njia.

“Umelalaje, Epifania?”

“Nimelala, bibi. Nimelala moja kwa moja.”

Akapiga makofi yeye, mkubwa kwa mdogo. Nikacheka, nikavuta ungo. Tukachambua. Baadaye nikakumbuka.

“Langu nimelitoa. Sasa lako, bibi. Umelalaje?”

Vidole vyake vikasimama ndani ya maharage. Alitazama mlango wangu ng'ambo ya njia.

“Sijalala, mwanangu. Tangu walipotuleta hapa silali. Lakini nilikuwa nikisikia mlango wako ukifunguliwa, nasema, haya, tuko wawili. Jana haukufunguliwa.”