Chafya ya Mtoto wa Kipkirui

Kwenye mkutano wa wazazi shuleni mwaka jana, nyanya mmoja wa Munyaka, Kogo Rael, ndiye aliyesimama akalimaliza somo la Kihispania.

"Mwalimu Shitanda, hao Wahispania wako Eldoret sehemu gani? Kwa simu naona wanaruka ukuta tu huko Amerika. Wakiruka waangukie Ainabkoi, tutajifunza."

Wazazi wakacheka, wakainua mikono, somo likaondolewa. Mjukuu wake Jepchumba alikuwa amelisoma muhula mmoja.

Mwezi wa pili mwaka huu, mwana wa Rael, Kipkirui, akarudi kutoka Texas na mke, Marisol wa Guatemala, na binti mchanga.

"Huyu naye aliruka ukuta?" Rael akauliza.

"Alienda na ndege, mama. Kama mimi."

"Wewe ulienda kutafuta kazi."

"Yeye pia."

Rael akaona afadhali amimine chai.

Kesho yake wanawake wakaketi kumwita mtoto jina, wanaume wakatolewa nje. Wamama wazee hutaja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akipigia jina chafya, basi huyo ndiye amerudi. Rael alimtaka marehemu mama yake, Tabutany. Alikuwa amemngoja kupitia wajukuu saba.

Akamtaja mara nne. Akachukua ugoro kidogo kwa kidole, akausogeza puani, akamtaja tena. Mtoto akamwangalia vile karani huangalia mtu aliyesahau kitambulisho.

Rael akamaliza ukoo wote, hata mjomba aliyeiba ng'ombe wa kanisa. Hakuna chafya. Na mtoto asiye na jina ni mgeni tu nyumbani.

"Jepchumba," akasema mwishowe, "muulize Marisol nyanya yake aliyekufa aliitwa nani."

Jepchumba akauliza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Marisol, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza kitu, akalowa macho.

"Refugio."

Rael akalitamka vile aliweza. Mtoto akapiga chafya mbili.

Wanawake wakapiga vigelegele. Rael akafuta ugoro kidoleni kwa leso, taratibu.

"Sasa muulize huyo Refugio alikuwa mtu wa namna gani. Anakuja kukaa kwangu."

"Hiyo ni ya muhula wa pili, Kogo."

Jumatatu, kabla ya kengele, Rael alikuwa ofisini kwa Mwalimu Shitanda na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa.

"Wazazi wamefikiria tena juu ya Kihispania."

"Wazazi gani, Mama?"

"Kunywa kwanza, Mwalimu. Utawajua."